Kukabiliana na Mwasho, Vipele na Uvimbe Wakati Tatuu Mpya Inapopona

Tatuu mpya ni jeraha, hata ikiwa imechorwa kwa ustadi na mchoraji mwenye vifaa safi. Sindano hutoboa ngozi maelfu ya mara kwa kina cha milimita 1 hadi 2 ili wino ufike kwenye tabaka la ndani lisilopukutika, na mwili hulijibu jeraha hilo kwa njia zake za kawaida: hupeleka damu zaidi mahali pale, huvimba, hutoa majimaji na baadaye huotesha ngozi mpya. Kwa hiyo mtu anayeiona tatuu yake imevimba asubuhi ya pili hana sababu ya kuogopa kwa ajili ya uvimbe huo peke yake. Kipimo cha kuaminika ni mwelekeo. Jeraha linalopona hutulia kidogo kidogo kila siku. Jeraha lenye tatizo ama huzidi tangu mwanzo bila kupumzika, ama hutulia kwanza kisha hugeuka.

Mwongozo huu unahusu zaidi wiki 4 za mwanzo, kwa sababu ndizo zenye maswali mengi. Jambo ninalopenda msomaji alishike mapema ni kwamba katika kipindi hicho vipele mara nyingi huletwa na kitu kilichowekwa juu ya ngozi, yaani plastiki, gundi, sabuni, mafuta au dawa, kuliko wino wenyewe. Wengi wetu tukiona upele hukimbilia kupaka dawa nyingine juu ya ile ya kwanza, na hapo ndipo chanzo hufichika. Utaratibu unaofaa ni kuondoa kwanza, kusubiri, na baada ya hapo ndipo kufikiria kuongeza.

Mabadiliko ya kawaida

Katika siku 3 za mwanzo ngozi huwa ya moto, hujaa kidogo, huuma kama iliyounguzwa na jua na hutoa majimaji ya manjano yaliyochanganyika na damu na wino. Tatuu iliyo kwenye kifundo cha mguu au kwenye unyayo huvimba zaidi ya ile ya mgongoni, hasa kwa mtu anayesimama kutwa nzima kazini, na uvimbe huo hupungua akilala na mguu ulioinuliwa juu ya mto. Kuanzia siku ya 4 hivi ngozi hukauka, hubanduka vipande vyembamba vyenye rangi na huanza kuwasha. Mwasho wa kipindi hiki unaweza kumkosesha mtu usingizi na bado ukawa wa kawaida kabisa. Ngozi ya juu hufunga katika wiki 2 hadi 4, ingawa tabaka la ndani huendelea kujijenga kwa miezi kadhaa, na ndiyo maana tatuu iliyokwisha kupona kwa macho huweza kung'aa au kuinuka kidogo siku za joto kali.

Maelezo mengi ya tatuu yameandikwa kwa kuwafikiria watu wenye ngozi nyeupe, hivyo humwambia msomaji achunguze wekundu. Kwa mtu mweusi ushauri huo haumfikishi mbali. Uvimbe unaopeleka damu kwenye ngozi nyeusi huonekana kama rangi ya zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu, na wakati mwingine hauonekani kwa macho hata kidogo. Tumia mkono badala ya macho: weka mgongo wa kiganja chako karibu na tatuu, kisha uuweke mahali pale pale upande wa pili wa mwili, ulinganishe joto. Bonyeza pembeni polepole ili ujue maumivu yanaishia wapi. Angalia kama ngozi imetanuka hata ikang'aa kuliko jirani yake. Piga picha moja kila siku, saa ile ile, kwenye mwanga wa mchana karibu na dirisha, kwa maana picha za usiku chini ya taa hubadilisha rangi na humtia mtu hofu bure. Ukihisi kwamba uvimbe unasambaa, chora mstari kwa kalamu ya wino kuuzunguka ukingo wake na uandike saa. Uvimbe ukivuka mstari huo baada ya saa chache, una ushahidi ambao daktari yeyote atauelewa.

Soma umbo la upele

Kabla ya kununua dawa yoyote, simama mbele ya kioo na ujiulize upele una umbo gani. Swali hili dogo hutoa majibu mengi kuliko orodha ndefu ya dalili.

Ukiona upele wenye pembe nne zilizonyooka, unaofuata kingo za plastiki nyembamba inayonata ambayo wachoraji wengi siku hizi huibandika juu ya tatuu, mshukiwa ni gundi. Upele huo huwasha sana, huweza kuwa na malengelenge madogo, na huwa mkali zaidi pembezoni, kwenye ngozi nzima isiyochorwa, kuliko juu ya mchoro wenyewe. Ondoa plastiki hiyo siku hiyo hiyo hata kama uliambiwa ukae nayo siku 5. Ilainishe chini ya maji ya uvuguvugu na uivute ikiwa sambamba na ngozi, usiivute kuelekea juu. Usibandike nyingine. Majimaji meusi yaliyokusanyika chini ya plastiki kwa mtu ambaye hawashwi si tatizo. Huo ni mchanganyiko wa wino na majimaji ya jeraha, na kinachotakiwa ni kubadilisha plastiki iwapo yameanza kuvuja.

Ukiona upele umevuka mipaka ya mchoro na kuishia pale ambapo vidole vyako huishia unapopaka mafuta, mshukiwa ni mafuta au dawa hiyo. Wanaosababisha hali hii mara kwa mara ni manukato, lanolini inayotokana na sufu ya kondoo, na dawa za kuua bakteria za kupaka zenye neomisini au basitrasini. Inashangaza, lakini dawa iliyopakwa kwa nia ya kuzuia maambukizi yenyewe ni kisababishi kinachojulikana sana cha mzio wa ngozi, na dalili zake humfanya mgonjwa aamini kwamba jeraha limeoza, akazidi kuipaka.

Vipele vidogo vyenye ncha nyeupe, kila kimoja kikiwa kwenye shina la unywele, hutokana na kunyolewa kabla ya kuchorwa na kuzibwa kwa mafuta mazito. Mafuta ya mgando yanapopakwa mengi katika joto la Mombasa, Tanga au Dar es Salaam hukaa juu ya ngozi kama koti la mvua, jasho linakosa pa kutokea, na mtu huishia kuwa na vipele hivyo au harara juu ya jeraha. Harara yenyewe huwa ni vipunje vingi vidogo vinavyochomachoma, vikijaa hasa mahali nguo inapobana. Kwa hali zote mbili tiba ni kupunguza: acha mafuta kwa siku moja au mbili, osha jasho, vaa pamba nyepesi au jifunge kanga, na ukirudia kupaka, tumia losheni nyepesi isiyo na manukato, kiasi ambacho ngozi inakinywa bila kubaki na mng'ao.

Upele unaokaa juu ya rangi moja tu, kwa mfano kwenye maua mekundu huku majani ya kijani na mistari myeusi ikiwa imetulia, unaelekeza kwenye wino. Huo nitaurudia mwishoni kwa sababu kwa kawaida hauji mapema.

Kuna pia watu ambao ngozi yao hurudia ugonjwa wake wa zamani popote inapojeruhiwa. Mwenye soriasisi, vitiligo au ugonjwa wa lichen planus anaweza kuona alama za ugonjwa huo zikijipanga juu ya mistari ya tatuu wiki chache baadaye. Mwenye pumu ya ngozi asichorwe wakati imeamka.

Namna ya kutuliza

Baada ya kuondoa kile unachokishuku, rudi kwenye matunzo ya chini kabisa kwa siku 2 au 3. Nawa mikono kwanza. Osha tatuu mara 2 kwa siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo na harufu, kwa kiganja na bila dodoki, kisha suuza hadi utelezi wa sabuni uishe. Penye maji ya kisima, ya chumvi au ya tangi lisilooshwa, tumia maji yaliyochemshwa yakapoa. Ni kazi ya dakika chache na huondoa shaka moja kubwa. Kausha kwa kugusagusa kwa karatasi laini safi, kwa kuwa taulo la familia linalokaa bafuni lina unyevu na vijidudu vyake. Iache ngozi ipate hewa. Badilisha shuka, hasa ikiwa tatuu iko mgongoni, na usimruhusu paka au mbwa alale mahali hapo.

Mwasho unapozidi, weka juu yake kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa, kwa dakika 10, urudie baada ya muda. Usikune, wala usibandue magamba, maana gamba lililobanduliwa kabla ya wakati huondoka na wino na huacha doa. Kidonge cha mzio husaidia wengi kulala: kwa mtu mzima setirizini ya miligramu 10 mara moja kwa siku haimlewishi sana, ilhali klofeniramini, ambayo wengi tunaiita piritoni, huleta usingizi, na anayeinywa asiendeshe bodaboda wala mashine. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ugonjwa wa figo wamuulize mfamasia kwanza.

Krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 ina nafasi yake, lakini ni nafasi ndogo: juu ya ngozi iliyofunga, kama ile ngozi nzima ya pembeni iliyoathiriwa na gundi, kwa tabaka jembamba na kwa siku chache. Juu ya jeraha bichi isipakwe, kwa sababu huchelewesha kupona na hudhoofisha ulinzi dhidi ya bakteria. Hapa inanibidi niseme wazi kuhusu zile krimu za mchanganyiko ambazo maduka mengi ya dawa Afrika Mashariki huuza bila cheti, zenye dawa kali ya jamii ya steroidi (ya kutuliza uvimbe na mwasho), antibiotiki na dawa ya fangasi ndani ya tyubu moja. Hutuliza kila kitu kwa siku 2, na kwa sababu hiyo zina sifa njema. Baada ya hapo huficha maambukizi, hukondesha ngozi na kuharibu rangi yake. Mkorogo na krimu nyingine za kung'arisha ngozi zina hatari hiyo hiyo, na nyingine huwa na zebaki. Anayezitumia aache kuzipaka eneo la tatuu na amweleze daktari ukweli akienda hospitali, kwa maana ngozi iliyozoea steroidi hufumuka vipele inapoachishwa na inaweza kumchanganya mtabibu asiyejua.

Tiba za nyumbani nitazipitia haraka. Dettol isiyochanganywa na maji na spiriti huunguza ngozi mpya. Dawa ya meno, majivu na unga wa vidonge vya antibiotiki vya rangi mbili vilivyofunguliwa havina kazi juu ya jeraha hili, na unga huo unaweza kuanzisha mzio utakaomnyima mtu dawa hiyo siku atakapoihitaji kweli. Ndimu ni mbaya zaidi kuliko watu wanavyodhani: maji yake yakipigwa na jua juu ya ngozi huleta malengelenge na madoa meusi ya miezi mingi, hata kwa ngozi isiyo na jeraha. Shubiri iliyokatwa shambani si safi, na utomvu wake wa manjano huwasha. Mafuta ya nazi hayana ubaya mkubwa ngozi ikishafunga.

Tatuu isianikwe juani, na isipakwe losheni ya kuzuia jua mpaka ngozi ifunge. Ifunike kwa nguo pana. Baada ya hapo losheni ya SPF 30 au zaidi inafaa. Bahari, mto na bwawa la kuogelea visubiri wiki 3 au 4. Mwaka 2017 madaktari wa Texas waliandika juu ya mwanamume wa miaka 31, mwenye ugonjwa wa ini wa muda mrefu, aliyeogelea katika Ghuba ya Meksiko siku 5 baada ya kuchorwa tatuu mguuni. Bakteria aitwaye Vibrio vulnificus aliingia kupitia jeraha na mgonjwa akafariki baada ya miezi 2 hivi. Kisa kama hicho ni nadra, na ini lake lilikuwa limekwisha kudhoofika, lakini bakteria wa jamii hiyo hupenda maji ya chumvi yenye joto, na Bahari ya Hindi haina baridi.

Waliowahi kudhuriwa na piko

Wasomaji wa pwani wanahitaji tahadhari ya ziada. Piko, ile rangi nyeusi ya nywele ambayo huchorwa mwilini kwenye harusi na kwa watalii ufukweni Zanzibar, Lamu na Mombasa, kwa kawaida ina kemikali iitwayo PPD. Hina halisi haina kemikali hiyo na rangi yake huelekea wekundu au kahawia. Mtu ambaye piko imewahi kumtoa malengelenge yenye umbo la maua aliyochorwa amebaki na mzio ambao kwa kawaida hautoki maisha yote, na unaweza kuamshwa na kemikali zinazofanana nayo, zikiwemo rangi nyeusi za nywele na benzokaini, dawa ya ganzi inayowekwa katika baadhi ya krimu. Amweleze mchoraji kabla ya kazi kuanza, aombe kusoma kibandiko cha krimu ya ganzi itakayotumika, na afikirie kumwona daktari wa ngozi kwanza. Hata wasio na historia hiyo wawe waangalifu na krimu za ganzi: mwezi Machi 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu krimu zinazouzwa kwa ajili ya tatuu zikiwa na lidokaini inayozidi asilimia 4, kwa kuwa ikipakwa eneo kubwa huweza kuingia mwilini na kuvuruga mapigo ya moyo au kuleta degedege.

Losheni utakayoitumia unaweza kuipima mwenyewe kabla ya siku ya kuchorwa. Paka kiasi kidogo mahali pale pale upande wa ndani wa mkono, mara 2 kwa siku, kwa siku 7. Pakiwasha au pakitoa upele, tafuta nyingine.

Wakati wa kwenda hospitali

Midomo au ulimi ukivimba, pumzi ikibana au mabaka ya mwasho yakitapakaa mwili mzima muda mfupi baada ya kuchorwa au kumeza dawa, nenda kwenye huduma ya dharura papo hapo. Nenda siku hiyo hiyo ukiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha, mstari unaopanda kutoka kwenye jeraha, mitoki kwenye kinena au kwapani, au maumivu yaliyokuwa yamepungua ambayo yamerudi kwa nguvu siku ya 4 au ya 5. Mwenye kisukari, mwenye VVU ambaye kinga yake iko chini, na anayetumia dawa za kushusha kinga wasisubiri hata kesho.

Vipunje vinavyojitokeza wiki 1 hadi 3 baadaye, vikakaa hasa kwenye vivuli vya kijivu na visisikie antibiotiki za kawaida, vinastahili kipimo cha nyama ya ngozi. Mwaka 2011 katika mji wa Rochester, jimbo la New York, watu 19 walipata vipele vya namna hiyo. Bakteria aitwaye Mycobacterium chelonae alikutwa katika wino wa kijivu uliokuwa umechanganywa tayari kabla ya kumfikia mchoraji. Mchoraji mwangalifu anayezimua wino wake hutumia maji yaliyotakaswa kwa ajili ya tiba, wala hatumii ya bombani.

Kovu linaloota ni suala jingine, na kwa watu weusi ni kubwa kuliko wachoraji wengi wanavyokiri. Kovu lililoinuka likabaki ndani ya mistari huweza kushuka lenyewe kwa miezi. Keloidi huvuka mipaka ya jeraha na kuendelea kukua, hasa kifuani, mabegani na kwenye taya. Angalia kovu la chanjo ya kifua kikuu mkononi mwako na mahali ulipotoga masikio: yakiwa yamevimba, au ikiwa wazazi na ndugu zako wana keloidi, fikiria upya mahali pa kuchora, au uamuzi wenyewe. Likianza kuota, daktari anaweza kulitibu kwa jeli ya silikoni au sindano za triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ndani ya kovu, na matokeo huwa mazuri zaidi likiwa bado dogo. Kulikata bila tiba nyingine mara nyingi hulirudisha likiwa kubwa zaidi.

Mzio wa wino huja kwa kuchelewa: wiki, miezi, hata miaka baadaye. Rangi nyekundu ndiyo inayoongoza. Zamani ilitengenezwa kwa madini yenye zebaki, na leo ni rangi za viwandani za jamii ya azo, ambazo nazo zina lawama zake. Sehemu hiyo huinuka, huwa ngumu, huwasha kwa miezi bila kukoma na wakati mwingine huchubuka. Umoja wa Ulaya ulianza Januari 2022 kuzuia maelfu ya kemikali katika wino wa tatuu, wakati FDA haijaidhinisha rangi yoyote kwa ajili ya kudungwa ndani ya ngozi, hivyo maneno "salama kabisa" kwenye chupa yasikupe utulivu usio na msingi.

Ukienda kwa daktari wa ngozi, iwe ni katika hospitali kubwa ya mji wako au katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, chukua picha zako za kila siku, vyombo vya kila ulichopaka, na jina na namba ya toleo la wino, ambavyo mchoraji anapaswa kukupa. Mwambie pia kama umewahi kudhuriwa na piko. Mzio wa wino hutibiwa kwa krimu kali ya steroidi chini ya uangalizi, sindano za dawa hiyo hiyo, au kuiondoa kwa upasuaji sehemu iliyoathirika. Usikubali kufutwa tatuu hiyo kwa leza kwenye saluni: mwanga wa leza huvunja wino vipande vidogo na kuusambaza mwilini, na kwa mtu ambaye mwili wake umekwisha kuukataa wino huo, hatua hiyo inaweza kuanzisha mzio wa mwili mzima.